Jibu la Jovia

Edgar Okumu alikuwa amepiga magoti nyuma ya jukwaa pale Mukuju, akichomeka waya wa kinasa sauti chake kwenye mitambo ya mkutano, spika ziliponguruma kwa sauti yake mwenyewe.

"Mama akivuka mpaka kila siku, nyumba inabaki na nani?"

Mamia ya watu wakaitikia kwa pamoja: "Na nani!"

Aliinuka taratibu, vumbi magotini. Maneno hayo aliyasema mwaka jana, katika kipindi chake cha asubuhi kwenye redio ndogo ya Tororo, Uganda. Alikuwa akimuuliza Jovia, mjane wa Molo, kijiji cha jirani, anayeuza mitumba Busia, upande wa Kenya. Lilikuwa swali tu. Baadaye likazuka kundi lililojiita Linda Nyumba, lililotaka wanawake waache biashara ya mpakani, naye Edgar akatangaza mikutano yao kama alivyotangaza misiba na bei ya mahindi. Hakujua kwamba walikuwa wakiifungua mikutano hiyo kwa sauti yake.

"Huyo hapo!" Chrispinus, mwenyekiti wa kundi na mgombea wao wa ubunge, alimwona kutoka juu. "Mpandisheni! Huyu ndiye aliyetufungua macho!"

Mikono ikamnyanyua. Akakabidhiwa jogoo mwekundu wa zawadi. Akatabasamu, maana hakujua uso wake ufanye nini kingine.

"Na kule Molo kazi imeanza," Chrispinus aliuambia umati. "Leo alfajiri tumemzuia mama mmoja asivuke. Yule yule wa redioni!"

Shangwe zikapanda. Jogoo akamponyoka Edgar, akaruka juu ya vichwa vya watu.

"Mmemfanya nini?"

Chrispinus akaziba maikrofoni kwa kiganja, akacheka. "Adabu kidogo tu, ndugu mtangazaji."

Edgar alishuka, akapanda bodaboda mpaka Molo. Harufu ya nailoni iliyoungua ilimpokea kabla hajaiona nyumba. Uani palikuwa na rundo jeusi linalofuka moshi, na kando yake mkono wa sweta la mtoto ulionusurika. Jovia alikaa kizingitini, mkono wa kushoto umevimba, umefungwa kwa leso.

"Walivuta mimi nikiwa nashika mzigo," alisema. "Watu kumi na mbili walikuja. Wengine nawajua. Wanasali na mimi."

"Dada Jovia, pole. Mimi sikujua."

"Wewe uliniuliza, mimi nikajibu. Nilisema nyumba inabaki na mama mkwe wangu, na watoto wanakula, wanasoma, sababu mimi nakwenda Busia. Nilijibu mzuri. Lakini majirani wanasema hawakusikia. Jibu yangu ilikwenda wapi?"

Edgar aliikumbuka vizuri siku ile. Dakika zilikuwa zimekwisha, tangazo la mabati linasubiri, na swali lilikuwa na mvuto kuliko jibu. Simu za wasikilizaji zikamiminika, naye akafurahi, akalirudia swali lile wiki nzima.

"Nililikata," alisema.

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe."

Jovia alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alimwona wapi. "Mimi nilifikiri ni wao walikata," alisema. Kisha akainuka, akaingia ndani, akamwacha uani na ule moshi.

Kesho yake, saa moja kamili asubuhi, Edgar hakusoma salamu. Alifungua kipindi kwa mazungumzo ya mwaka jana, yote, swali na jibu. Sauti ya Jovia ilikuwa changamfu, yenye kicheko ndani yake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Jibu hili lilikuwapo tangu mwanzo," alisema baada yake. "Aliyeliondoa ni mimi, Edgar Okumu. Na jana, kwa sababu hiyo—"

Mlango wa chumba cha mitambo, upande wa pili wa kioo, ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Paddy, meneja, shati halijafungwa vifungo.

"Kata! Annet, weka muziki! Hawa Linda Nyumba ndio wanaotulipa!"

Annet, fundi wa mitambo, alikuwa na kidole juu ya kitufe cha muziki. Maneno hayakupenya kioo; Edgar aliuona tu mdomo wa Paddy ukifunguka na kufungika. Annet akakiondoa kidole. Akashusha mikono yote miwili mapajani, akamkazia Edgar macho kupitia kioo, akisubiri aendelee.