Kidole Uvunguni mwa Pikapu

Hili libaki kati yetu, apa kwanza, tena apa kwa kichwa cha mama yako kwamba humwambii mtu… umeapa? haya, kidole cha Injinia kimenasa kwenye tundu la fremu, kile cha shahada, mpaka pingili ya pili, naye amelala chali uvunguni mwa pikapu kuukuu ya dada yake na hana hata cha kusingizia, maana mshona makochi anatafuta nini chini ya gari asubuhi yote hii, Injinia wanamwita kwa kumtania tu na yeye anaitika, vuta taratibu, aah, chuma kinang'ata, na huko juu dada anapakia madebe ya maziwa, kila debe likitua pikapu inashuka na kidole kinashuka nayo… "Hii ndiyo dawa ya kutu uliyonipakia, fundi? Fremu inalia kama kitanda cha gesti," anasema dada, majirani wanacheka, na fundi, aliyeitwa aje kusutwa mbele ya watu, anajibu polepole, "Mama, mimi nilisugua kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, nikapaka dawa, nikapaka rangi, sijui kilichotokea," kweli hajui, maskini, atajuaje, na muuza mkaa anadakia, "Labda ulipaka uji," wanacheka tena, wacha wacheke, nani alimwambia dada kwamba dawa ile ni feki, si mimi, ni mimi, kikombe cha chai mkononi na miguu juu ya stuli, nikasema fundi yule mvivu, na dada akaniamini, tangu mumewe afe kila nisemalo kwake ni sheria… na matundu je, fundi aliyaacha wazi chini ya fremu na Injinia akayaona kama nyumba isiyo na milango, maji si yataingia humo, akaleta puti, akaziba moja moja, akapaka lami juu, hakumwambia mtu, alitaka kuja kusifiwa baadaye, kumbe ni ya kutolea maji, fundi alisema, ndiyo, alisema, "Injinia, hiyo ndiyo pua ya gari, iache ipumue," naye akamjibu gari haliugui mafua, watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kitamu jamani, kitamu kuliko chai… jana alikaa nyuma ya pikapu akayasikia maji ndani ya fremu, chwa, chwa, kama tumbo la mtu aliyefungua saumu kwa maji matupu, ndiyo maana amekuja kuzibua kimyakimya, puti ikatoka, kidole kikaingia kupapasa, na humo ndani hakuna chuma, kuna magamba, mapana, yanamong'onyoka kama biskuti iliyochovywa, na hapa ndipo springi za nyuma zilipokamata, hapa hapa, na mzigo wote umelalia hapa… "Basi, nimeshasema, naondoka, maziwa yatachacha," dada anasema, mlango unafungwa, kidole changu, Mungu wangu, ataondoka na kidole changu, ninyamaze nivute, nikivuta kwa nguvu ngozi itabaki lakini nitatoka upande wa ukutani hakuna atakayeniona, na yeye atateremka kile kilima cha sokoni, anapenda kukishuka kwa gia kubwa, tangu utotoni hana breki huyu, nilikuwa nambeba mgongoni na bado ananiambia kimbia, kaka, kimbia… ufunguo unazungushwa, injini inakohoa, haijashika, na Injinia anajikuta anapiga bamba la chuma kwa kiganja kingine, anapiga, anapiga, "Zima, dada, zima gari, fremu imeoza," na ufunguo unarudishwa, kisha vichwa vinaanza kushuka kimoja kimoja pembeni mwa magurudumu, muuza mkaa, jirani na mtoto wake mgongoni, dada amepiga magoti na gauni lake la kazi kwenye matope, na wa mwisho ni fundi, anayetazama tundu, anatazama puti iliyoanguka kifuani mwa Injinia, maji mekundu ya kutu yanashuka taratibu kwenye mkono wake mpaka kwapani. "Nani kaziba hapa?" fundi anauliza, bila kupandisha sauti. "Kaka?" anasema dada. "Mimi," anasema Injinia, na kidole bado kimo.