Sura Niliyoiandikisha

Cherehani yangu iko ghorofa ya pili ya jengo la soko, karibu na ngazi za mlango wa nyuma. Kitindamimba wangu alipomkimbia mumewe, taya limevunjika, nilimficha kwa mdogo wangu, upande wa pili wa mji. Siri ilikuwa yetu sisi watatu. Kila Jumanne saa tano asubuhi aliniletea nguo alizozitia vifungo, uso umefunikwa kwa mtandio, akachukua nyingine na kuondoka kabla chai yangu haijapoa.

Kisha kamera za kutambua nyuso zikafungwa kwenye milango ya soko. Mlinzi, ambaye sote tulimwita Shemeji kwa utani wake, akaja kibandani kwangu.

"Mama, huyu binti anayejifunika ni nani? Mashine inamtilia alama nyekundu kila Jumanne. Ofisini wanadhani ni mwizi."

"Mwizi! Huyo hata sindano yangu hajawahi kuondoka nayo. Ni mwanangu."

"Basi mwandikishe, tusije tukamvua mtandio mbele za watu. Kamera haiposi, mama, inatazama tu."

Hilo la kuvuliwa mtandio lilinichoma. Jumanne iliyofuata nilimshika mkono hadi ofisini. Mlangoni alisita.

"Mama, sitaki."

"Tazama pale mara moja, mwanangu, yaishe."

Akajifunua, akatazama. Mashine ikauchukua uso wake, nami nikaandika jina lake kamili, nikatia sahihi.

Wiki tatu alijifunua kidogo mbele ya kamera, akapita bila kusumbuliwa, nami nikajisifu moyoni kwamba nimemkinga.

Jumanne ya nne, saa tano ikapita. Saa sita nikampigia mdogo wangu.

"Ametoka hapa tangu saa nne, dada. Hajafika?"

Nilishuka ngazi mbiombio. Nje ya mlango wa nyuma, mfuko wake ulikuwa umepasuka, mashati ya wateja yametapakaa chini, na wapita njia waliyakwepa kama madimbwi. Shemeji akanijia akitabasamu.

"Enhe, mama, wamepatana? Mkweo alikuja jana na picha ya harusi, analia machozi. Anasema waligombana kidogo, mkewe akaondoka, naye anataka kumwomba radhi. Nikalitafuta jina kwenye mashine, nikamwambia: Jumanne, saa tano, mlango wa nyuma."

Nilimwonyesha yale mashati. Tabasamu likamtoka taratibu, akavua kofia yake.

"Mama, mimi nilidhani nasaidia."

Niliwapigia polisi. Walitaka kwanza namba za gari lililomchukua, nami sikuliona. Nikapanda ofisini, pumzi zikinikatika, nikaomba nionyeshwe picha za saa tano.

"Picha za watu hazionyeshwi ovyo," alisema mkuu wa ofisi, bila ukali wowote. "Ni faragha yao. Jaza fomu, utajibiwa ndani ya siku saba."

"Ni mwanangu. Sura yake nimeileta mwenyewe, hapa hapa."

"Nakuelewa, mama. Ila yeye ni mtu mzima. Ni lazima aje mwenyewe kutoa idhini."

Shemeji, aliyenifuata hadi mlangoni, alimsihi. Akaambiwa arudi langoni.

Mkuu akanisogezea fomu na kalamu. Nyuma ya bega lake, kwenye skrini ya kamera, watu walikuwa wakiingia kwa mlango wa nyuma, na juu ya kila kichwa palikuwa na jina. Nilikaa, nikaanza kuandika, kwa kuwa hawakunipa kitu kingine cha kufanya.