Paraschiva wa Kibarazani

Kijijini kwetu, mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii kanisani. Anasimama kibarazani, anasikiliza ibada kutoka mlangoni, na mkate uliobarikiwa haugusi. Kwa hiyo Paraschiva, mjane mwenye wajukuu, alipoanza kusimama pale pamoja na wasichana, tulicheka mpaka mbavu zikauma. Wengine walisema kapata bwana, wengine kwamba akili zimemruka kwa uzee. Midomo yetu haina likizo.

Aliyekosa pa kuuficha uso ni Mirela, mke wa mwanawe. Pasaka ilipita, plamu zikaiva, mama mkwe bado yuko kibarazani. Siku moja, wakipika jamu uani, uvumilivu ukamwishia.

"Mama, ingia ndani kama wenzako. Watu wanatucheka."

"Nitaingiaje, mwanangu, na damu inanitoka? Nimdanganye Mungu?"

Mirela akaacha kukoroga. Siku zote alidhani ni ukaidi tu wa kizee. Aibu ilimshika, halafu hofu.

Wiki hiyo gari la kupima saratani ya mlango wa kizazi lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka. Sisi wanawake tulilipita tukitazama pembeni, maana tulishaamua kwamba kipimo kile ni cha malaya. Mirela alimshika mama mkwe mkono akamwingiza humo mchana kweupe, nasi tuko kwenye foleni ya mkate, tunakonyezana.

Nesi, Otilia, alipomaliza kumwangalia Paraschiva alinawa mikono taratibu. Alisema ameona kidonda kibaya kwenye mlango wa kizazi, na kesho yake lazima aende hospitali mjini Vaslui, tena wamechelewa. Akaeleza kwamba kirusi kinacholeta saratani hiyo huambukizwa kwa kujamiiana, hata kwa mke asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe. Hukaa mwilini miaka mingi kimya, na kipimo kingeonyesha mabadiliko kabla hayajageuka saratani. Wasichana siku hizi wana chanjo. Kisha akauliza kama nyumbani hakuna aliyejua habari ya hiyo damu.

"Walijua wote," alisema Paraschiva. "Kila Jumapili walinipita mlangoni."

Mirela alitamani ardhi ipasuke immeze. Otilia akamgeukia, akamuuliza yeye amepima lini mara ya mwisho.

Hakuwahi kupima. Alianza kujitetea: jamu imebaki motoni, watoto wako peke yao, atakuja siku nyingine. Nje sauti zetu zilisikika vizuri, na kicheko kimoja, nadhani kilikuwa changu.

Paraschiva alikuwa anajifunga kitambaa chake kichwani. Alimaliza fundo, akanyoosha mkono kwa mke wa mwanawe.

"Nipe hilo sweta nikushikie," alisema. "Panda kitandani, mwanangu."