Baraka Aliyoitaka Mulei

Mimi Syombua sijui kuzungusha maneno. Mwanangu Mulei alinidanganya, akalidanganya kanisa zima la Kanyangi, na watu wakampigia vigelegele.

Husemwa kwamba alisomeshwa na kanisa. Alisomeshwa na wanawake. Wanaume wa kanisa letu kazi yao ilikuwa kukohoa na kuunga mkono. Sisi wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana, ndio tuliosuka vyondo mpaka vidole vikaota sugu, tukauza kuku waliokuwa bado wanataga, ili mtoto wa mjane awe mchungaji wetu. Kasyoka, rafiki yangu tangu ujana, aliuza mbuzi wake wa mwisho mwaka ule wa njaa ya themanini na nne. Alisema mbuzi atakufa njaa hata hivyo, lakini neno la Mungu halifi.

Mulei alirudi kutoka chuoni siku chache kabla ya kuwekewa mikono awe mchungaji. Nilimpikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Aliketi kwenye kigoda, akala, akaniambia bila hata kuweka sahani chini kwamba hamwamini Mungu tena. Vitabu vimemfungua macho. Kule Ulaya, alisema, makanisa yanageuzwa maduka ya viti na makabati, na hata huku wajukuu wangu watayaona mambo ya kanisa kama sisi tunavyoyaona ya ithembo, pale wazee walipokuwa wakichinja mbuzi kuomba mvua.

Nikamwambia basi awaambie watu ukweli. Akakataa. Uchungaji ni kazi kama kazi nyingine, na nyumba ya mchungaji ina mabati.

"Wewe nyamaza tu, mwaitu," akasema, kwa neno letu la kumwita mama. "Hizi vitu zitaisha zenyewe. Lakini hawa watu bado wanazitaka."

Hawa watu! Ndio waliomlisha. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda angalau hali ugali wako huku akikupiga teke. Nilikasirika hata chakula changu nikampa mbwa.

Jumapili ile mwangalizi wa makanisa alikuja kutoka Kitui mjini. Kabla ya kumwekea Mulei mikono aliuliza, kama desturi yetu, kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

"Mimi ni mama yake," nikasema. "Mumuulize kama anaamini."

Mwangalizi akacheka kidogo. Kwetu wamama hupenda sana ushuhuda, naye alidhani mama mzee anataka kusikia wa mwanawe. Akamwambia Mulei amfurahishe mama. Mulei akanitazama usoni, akaweka mkono juu ya Biblia, mkono umetulia kabisa.

"Naamini kwa moyo wangu wote," akasema.

Vigelegele vikapasua paa. Kasyoka alinikumbatia akilia, akasema mbuzi wake hakuenda bure. Ningemwambia nini? Nilishindwa mbele ya watu wote, na aliyenishinda nilimzaa mwenyewe.

Jioni Mulei alikuja jikoni, kola nyeupe bado iko shingoni. Nilidhani amekuja kuomba msamaha. Akafunga mlango, akafungua vifungo vya shati, akapiga magoti.

Kwa Wakamba, mzazi humtemea mtoto mate kifuani anapoanza jambo kubwa. Hiyo ndiyo baraka, na anayenyimwa huandamwa na kiumo, laana ya mzazi. Mimi mambo hayo niliyaacha nilipobatizwa, maana wamisheni walisema ni ya shetani. Baba yangu alipokuwa akifa aliniita anibariki, nikakataa mate yake kwa ajili ya Yesu, akanitazama mpaka macho yakafa. Mulei anaijua habari hiyo.

"Usikae na hasira juu yangu, mwaitu," akasema. "Kiilu alinyimwa na baba yake, na unajua vile aliishia."

Kiilu ni binamu yake, aliyerudi kutoka Mombasa amerukwa na akili, akiokota karatasi barabarani. Nikamuuliza Mulei, kama Mungu hamwogopi, mate ya mwanamke mzee anayaogopea nini.

"Hii ni tofauti," akasema. "Hii hata vitabu hazikuniondolea."

Alikuwa akitetemeka, yeye ambaye mbele ya Biblia hakutetemeka. Ndipo nikaelewa kwamba imani haikuwa imekwisha ndani yake hata kidogo. Ile aliyoitupa ilikuwa yangu tu, niliyoilipia kwa macho ya baba yangu.

Akainua kifua, akafumba macho, akangoja. Mate yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikayameza.