Dada wa Marehemu

Siku ya saba ya msiba wa Nurdine, sufuria za pilau zikiwa bado hazijasuguliwa, Twalha aliingia chumbani kwa mjane wa ndugu yake, akakalia kiti cha marehemu, akasafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia taifa.

"Shemeji," alisema, "nyumba hii ni ya baba yetu. Ukimaliza eda una njia mbili. Nikuoe, ukae. Au nisikuoe, uondoke."

Haula alikuwa amejitanda shuka jeupe, ameketi mkekani. "Ya tatu hakuna?"

"Ipo. Ununue. Laki moja na nusu, metikali taslimu. Mwalimu Amido ni shahidi wangu."

Mwalimu Amido, aliyefundisha Kurani watoto wa mtaa na aliyekuwa amebaki pale kwa sababu pilau lilikuwa limebaki pia, alitikisa kichwa kukubali, mdomo ukiwa umejaa. Twalha akacheka. Mali yote ya Haula aliijua: mbuzi wawili, mmoja wao kipofu, na cherehani isiyo na sindano.

Ndoa ya Twalha ilikuwa imejaribiwa na wanawake watatu. Wa kwanza alistahimili mwaka. Wa pili alistahimili masika. Wa tatu aliondoka Twalha akiwa bafuni, na alibeba taulo. Haula alikuwa tayari kulala kwenye mchanga kabla ya kuwa wa nne, ila mchanga wenyewe ulikuwa na wenyewe. Kwao ni Rongui, na watu wa kwao vita viliwatawanya. Wengine walivuka Rovuma, wengine hakuna ajuaye walivuka nini.

Alichobakiwa nacho ni sentensi moja. "Nimekuwekea, mke wangu," Nurdine alikuwa akimwambia. "Hutalala nje." Amemwekea wapi? Hapo Nurdine alitabasamu tu. Miaka ishirini alileta vitunguu na saruji kutoka Mtwara hadi Palma, na katika miaka hiyo hakumwamini mtu, hata yeye mwenyewe: alilala amejifunga kitambaa mdomoni asije akaropoka ndotoni.

Eda ni miezi minne na siku kumi, na mjane hatoki ila kwa dharura. Haula aliitumia kama askari wa forodha. Alifumua magodoro. Alichekecha unga. Alichokoa miguu ya kitanda kwa msumari. Siku ya arobaini na moja, alifungua redio mbovu ambayo Nurdine alikataa kuitupa, na mahali pa betri akakuta kadi ya benki na karatasi iliyokunjwa mara nane. Salio: laki tatu na elfu kumi na mbili. Jina la mwenye akaunti: Adamo Bacar, hana mke.

Haula alicheka hadi akajiziba mdomo, maana mjane hachekwi wala hacheki. Kisha akaelewa, akaacha.

Huyo Adamo Bacar, Haula alimfahamu vizuri. Alimzaa yeye mwenyewe, mwaka 2021, kwenye foleni.

Mwaka ule vita vilipofika Palma walikimbia kwa miguu, wakaacha kila kitu pamoja na vitambulisho, na walipofika kambini karibu na mji wa Pemba walikuta orodha mbili. Wajane walipewa mchele siku hiyo hiyo. Wenye waume waliambiwa wasubiri, na wengine walikuwa wamesubiri mwezi. Mwandikaji wa orodha alipouliza, Haula alisema, "Mume wangu Nurdine wamemuua." Nurdine alikuwa nyuma yake, amebeba sufuria. "Na huyu?" "Huyu kaka yangu." Nurdine hakukawia. Alitoa jina la babu yake, Adamo, na jina la baba yake, Bacar, na kwa kuwa amekuwa kaka, akaandikwa kapera; alipoulizwa ndugu wengine, akamtaja Twalha. Mchele ulitoka. Usiku ule walikula, wakamrehemu marehemu, na Nurdine aliomba nyongeza.

Baadaye serikali ilikuja kambini kuwapa waliopoteza vitambulisho bilhete mpya za uraia, na ilinakili kutoka orodha zile zile. Haula Bacar, mjane. Adamo Bacar, kapera, ndugu zake Twalha na Haula. Waliporudi Palma hakuna aliyejali. Kwa majirani alikuwa Nurdine yule yule. Lakini benki haiulizi majirani.

Benki yenyewe ilikuwa Mocímboa da Praia. Haula alijitanda shuka lake, akaenda kwa dharura. Kijana wa dirishani alimweleza kwa upole: mwenye akaunti hana mke wala mtoto wala wazazi, kwa hiyo sheria inagawa nusu kwa nusu kati ya ndugu zake. Walete cheti cha kifo na waape wote wawili mbele ya mthibitishaji wa viapo.

Cheti, kilichoandikwa kwa jina la kwenye bilhete, alikuwa nacho Twalha, maana ndiye aliyesaini hospitali. Haula alirudi akamweleza kila kitu. Hakuwa na wa kumweleza mwingine.

Twalha alisikiliza amefumba macho. "Kwa hiyo ukisema wewe ni mke?"

"Sipati kitu."

"Na ukisema wewe ni dada?"

"Laki moja na elfu hamsini na sita. Nakulipa laki na nusu zako, unanipa nyumba yangu, nawe nusu yako unayo. Unapata karibu zote, Twalha. Hata wewe hilo litakutosha."

"Subhanallah," alisema Twalha. "Na kukuoa je?"

"Mtu haoi dada yake."

"Haoi," alikubali Twalha, kwa huzuni ndogo sana.

Mthibitishaji aliitwa Célia, mwanamke wa Mueda mwenye miwani mikubwa, na mezani pake palikuwa na mihuri sita na sahani ya karanga. Twalha aliomba jambo moja kabla hawajaanza.

"Sinhora, mimi niandikie karatasi yangu peke yangu. Mirathi ni mambo ya Mungu. Kila mtu abebe lake."

Haula alidhani ni maringo yake ya kawaida.

"Wewe nani wa marehemu?" Célia alimuuliza Twalha.

"Kaka yake." Akaapa, akasaini, akaketi.

"Na wewe, mama?"

Haula aliangalia feni. "Dada yake."

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Mmoja, mmoja."

"Mliishi nyumba moja?"

"Nyumba moja."

"Hata ulipofiwa na mumeo, hakukuacha?"

"Hakuniacha hata usiku mmoja," alisema Haula, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Pole sana. Makaka wa namna hiyo wamekwisha. Wangu hata chumvi hanipi."

Twalha alijifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Célia alimsogezea karanga amfariji. Kisha akatoa Msahafu kwenye droo, chini ya mkate, na Haula akaweka mkono wake juu. Alijiambia kuwa Mungu anamjua yeye, anamjua Nurdine, na anaijua bei ya nyumba. Akaapa. Miaka kumi na tisa ya ndoa iliondoka kwa mhuri mmoja.

Wiki mbili baadaye benki ililipa. Haula alirudi na bahasha kifuani, akamwita Mwalimu Amido, akawaita na majirani zake wawili, Tatu na Cadija, waliokuwa wakimletea uji tangu msiba. Akahesabu noti mbele yao wote, taratibu. Twalha alizipokea, akazihesabu tena, akazitia mfukoni.

"Hati ya nyumba," alisema Haula.

"Nyumba gani, dada?"

Haula alitabasamu kidogo, akidhani ni mzaha. "Twalha. Umetaja bei mbele ya Mwalimu."

"Nimetaja. Sikatai. Nilimwambia nani, Mwalimu?"

"Ulimwambia mjane wa marehemu," alisema Mwalimu Amido.

"Mjane wa ndugu yangu. Basi ajitokeze, nimpe hati yake sasa hivi." Twalha alifunua mfuko wa kanzu, akatoa nakala ya karatasi ya Célia, akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na mhuri: Haula Bacar, dada wa marehemu, baba mmoja, mama mmoja. Akaikunja vizuri. "Mjane simwoni. Namwona dada yangu ameniwekea fedha zake amana, kama dada wa heshima. Au jina lako jingine, mama? Kama wewe ni mke, sema. Tutarudi kwa Sinhora Célia, tumweleze kuwa ulimuua mumeo kwa ajili ya mchele, kisha ukala kiapo ule na mirathi yake. Jela ya Pemba haina kodi."

"Na wewe uliapa!"

"Mimi niliapa kuwa ni kaka wa marehemu. Kuna mtu anabisha?"

Hakuna aliyebisha. Cadija ndiye aliyeanza kucheka, kwanza puani, kisha waziwazi, na Tatu akamfuata, akijipigapiga mapaja. "Pole kwa kufiwa na kaka, jamani!" alisema Cadija. "Nilidhani ni mume, kumbe nimeleta uji bure!"

Haula alimgeukia Mwalimu Amido. "Mwalimu. Wewe ndiye uliyetufungisha ndoa."

Mwalimu alikuwa akiutazama mfuko wa Twalha. "Nilifungisha," alisema polepole. "Lakini mimi si serikali, Mama Haula."

"Mwalimu," alisema Twalha, "tufundishe sheria. Mwanamke aliyefiwa na kaka yake anaomboleza siku ngapi?"

"Siku tatu."

"Leo ni ya sabini. Dada, umemlilia ndugu yetu hadi imekuwa dhambi. Vua hilo shuka jeupe. Kuna watu watadhani nyumba hii ina mjane. Utakaa hapa, utakula hapa, dada yangu hazururi mitaani. Na kanzu zangu ziko kwenye beseni tangu asubuhi."

Haula akalifungua shuka begani, akalikunja, na ndani yake alikuwa bado amevaa gauni alilofiwa nalo. Akainama akavuta beseni.

"Sabuni iko wapi?" aliuliza.

"Kanunue," alisema Twalha. "Si umebakiwa na elfu sita?"