Paa la NaMwale

Tangu Leveson alipotuma mabati kutoka Johannesburg, nyumba ya mama yake, NaMwale, kule Dowa, Malawi, haikuvuja tena. Mchwa walikosa cha kula huko juu, panya wakakosa pa kujificha. Majirani walimpongeza, naye akashukuru.

Ila nyasi za paa la zamani zilikuwa zikioza, na kwa kuwa zilioza, watu walikuja. Kiangazi cha kuezeka kikifika, wanaume walipanda juu, wanawake wakafunga matita chini, na mtungi wa thobwa, kinywaji kitamu cha mahindi, ukazunguka mpaka ukakauka. Bati halikuhitaji mtu. Jua likiwaka, ndani palikuwa tanuri. Mvua ikinyesha, NaMwale hakusikia hata kikohozi chake mwenyewe.

Siku moja ya mvua kubwa shoga yake Dorika alipita kumjulia hali. Akagonga, akaita, akagonga tena. Mlango haukufunguliwa. Alirudi kwake ameloa chapachapa, na tangu hapo hakukanyaga tena pale.

NaMwale hakujua kosa lake mpaka walipokutana kisimani.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Mimi nani hata unikosee?" Dorika alijitwika ndoo. "Nimegonga mpaka vidole vikauma, nawe umejikalia ndani. Au siku hizi wenye bati mnafunguliana wenyewe kwa wenyewe?"

"Haki ya Mungu sikusikia! Lile bati likipigwa na mvua, ni kama ngoma sikioni."

"Haya," alisema Dorika, akaenda zake.

Kiangazi kiliporudi, NaMwale alichukua mundu akashuka bondeni. Alikata nyasi peke yake, akazibeba peke yake, akaanza kuezeka kibanda cha jikoni kilichokuwa kimebaki fito tupu. Dorika alikuwa akipita njiani. Akasimama.

"NaMwale! Nani kafunga nyasi hizo, kuku?"

"Ni mimi."

"Hebu shuka, utavunjika kiuno. Mwanao atakuletea na jeneza la bati!"

NaMwale alicheka mpaka ngazi ikatikisika. Dorika alikaza kitenge chake, akapanda, akafumua pembe nzima na kuifunga upya. Walifanya kazi hadi jua likainama.

"Kaa tule nsima."

"Wajukuu wananingoja, dada. Siku nyingine."

Mvua za kwanza zilimkuta NaMwale jikoni, karibu na moto. Nyasi zilizipokea taratibu, bila makelele. Simu ikalia.

"Mama, mvua haijafika huko? Mbona nakusikia vizuri?"

"Inanyesha. Niko jikoni."

"Kwenye nyasi? Kwani bati linavuja?"

"Halivuji, mwanangu. Ni zuri sana."

Leveson alicheka, akasema atapiga tena mwisho wa mwezi.

NaMwale aliuacha mlango wazi. Alisikia maji yakitiririka mferejini, mbuzi wa jirani akilia, na tope likimeza matone huko njiani. Mtu yeyote angepita na kubisha hodi, NaMwale angemsikia. Alikaa hapo mpaka moto ukafifia, kisha akafunika chungu na kwenda kulala.