Muhuri wa Tarehe Moja

Mwanangu ni karani wa posta, dirisha la pili, lile lenye kioo kilichopasuka pembeni na kuzibwa kwa gundi. Kila asubuhi, kabla hajafungua dirisha, hubadilisha tarehe kwenye muhuri. Muhuri ni wa chuma, una vigurudumu vidogo vya siku, mwezi na mwaka, naye huvisukuma kwa ncha ya pini. Kisha hugonga mara moja kwenye kipande cha karatasi, akakibandika kwenye daftari na kutia sahihi. Miaka tisa hakuwahi kukosea.

Alikosea tarehe moja, majuma mawili baada ya kumzika mkewe.

Mkamwana wangu alifariki tarehe kumi na saba, siku ile ile aliyojifungua. Alituachia mtoto wa kike, mdogo hata kofia ya kichanga ilimfunika macho. Kanuni za kazini kwao zinasema mama akifariki, baba anaweza kupewa miezi mitatu ya likizo ya uzazi, ila barua ya maombi, pamoja na cheti cha kifo, iwe imegongwa muhuri wa posta ndani ya siku kumi na nne. Mwisho ulikuwa tarehe thelathini na moja. Aliyefuatilia cheti hospitalini ni mimi, maana yeye hakuwa na nguvu hata ya kufunga vifungo vya shati. Nenda, rudi, karani wa kumbukumbu hayupo. Nilikipata tarehe thelathini na moja jioni, posta imeshafungwa.

Asubuhi yake, tarehe moja, nikaipeleka barua hivyo hivyo, mtoto kifuani. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa Mama Sabuni, jirani yetu anayetengeneza sabuni za vipande kwenye ua wake. Alikuwa anatuma maombi ya kibanda katika soko jipya lililo mkabala na posta. Maombi hayo yalipokelewa kuanzia tarehe moja. Yaliyogongwa kabla ya hapo yalirudishwa, ili wenye kujua wakubwa wasiwatangulie wenzao. Mwanangu akagonga bahasha yake, akagonga na yangu. Macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani kama alituona.

Saa sita mchana ndipo alipogundua kuwa muhuri ulikuwa bado unasoma thelathini na moja. Barua za asubuhi zilishaondoka na gari. Akasukuma vigurudumu, akabandika kipande chake kwenye daftari kana kwamba ni cha asubuhi, akanyamaza. Jioni akanieleza yote, halafu akasema, "Kwa hiyo, mama, barua yetu imewahi." Nikamshukuru Mungu, nikaendelea kuchemsha chupa za mtoto.

Likizo ikakubaliwa, ianze Jumatatu. Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo Mama Sabuni akaja kwangu na bahasha mkononi.

"Imerudishwa! Eti nimetuma kabla ya siku," akasema. "Posta ya mwanao inarudisha siku nyuma, basi inirudishie na ujana wangu! Nimeshitaki kwa wanaosimamia posta. Mkaguzi yuko pale sasa hivi. Twende ukaseme, bibi. Wewe ulikuwa nyuma yangu."

Ningemwambiaje kuwa siendi? Nikambeba mtoto, tukaenda.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mpole, amevaa miwani, daftari la muhuri wazi mbele yake. Mwanangu alisimama kando, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Kipande cha tarehe moja kipo, na sahihi ipo," mkaguzi akasema. "Kwa daftari hili, mama, bahasha yako ililetwa siku moja kabla."

"Kwa hiyo mimi mwongo? Muulize huyu bibi."

Mkaguzi akanigeukia. "Shikamoo, bibi. Siku mliyokuja pamoja ilikuwa tarehe ngapi?"

Niliijua tarehe ile kama ninavyojua vidole vyangu. Nikamtazama mtoto. Miezi mitatu mikononi mwa baba yake, mtoto ambaye hata harufu ya mama yake hakupata kuizoea.

"Marahaba, mwanangu," nikajibu. "Mimi mzee. Siku zinanichanganya."

Nilitarajia Mama Sabuni apige kelele. Hakupiga. Alinyoosha mkono, akaipandisha kofia ya mtoto iliyomshukia machoni.

Hapo mwanangu akasema, "Msimsumbue mama. Ilikuwa tarehe moja. Sikubadilisha muhuri mpaka saa sita. Hicho kipande nilikibandika baadaye."

Mkaguzi akavua miwani. "Nikiandika hivyo, kila barua ya asubuhi ile inahesabiwa ya tarehe moja. Na bahasha iliyoifuata ya huyu mama ilikuwa ya nani?"

"Yangu. Ya likizo."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Andika."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza, na mimi nilisikia kila neno. Barua ya onyo ilikuja juma lililofuata, pamoja na ile ya kufuta likizo. Mwanangu akapewa siku saba anazopewa baba yeyote, zikaisha kabla mtoto hajaanza kututambua. Sijawahi kumwomba Mama Sabuni radhi.

Kibanda alikipata. Siku aliyofungua, nilikuwa napita na mtoto, nimeinamisha kichwa, akaniita. Alikuwa amesogeza makasha ya sabuni nyuma, akaweka kigoda penye kivuli, mahali ambapo dirisha la pili linaonekana.

"Kaa hapa kila siku, bibi," akasema, bila kucheka. "Siku zisije zikakuchanganya tena."

Nikakaa. Saa saba mwanangu alivuka barabara, vidole vyeusi kwa wino. Mama Sabuni akampa kipande cha sabuni na kopo la maji. Alinawa taratibu, kidole kwa kidole, akajifuta kwenye shati, ndipo akanyoosha mikono nimpe mwanawe.